Vidude Viwili vya Mwalimu Leonsi

Mwalimu Leonsi aliingia dukani kwangu Jumamosi moja ya mwezi wa pili, mvua inanyesha, baiskeli yake kaiegemeza kwenye nguzo ya kibaraza. Duka langu liko Majengo, hapa Sumbawanga mjini. Nauza vitu vya umeme vilivyokwisha kutumika: redio, pasi, spika, chaja, televisheni za zamani zenye mgongo. Nilianza na dagaa wa Kasanga, kule ziwani, nikiwapandisha huku juu gunia kwa gunia, na kila nilichonacho leo nimekipata kwa kubishana. Kwa hiyo mteja akiingia simtazami usoni. Natazama mikono, maana mikono haijui kuficha inachokitaka.

Mikono yake ilipita juu ya redio mbili bila kusimama, ikashuka mpaka kwenye boksi la plastiki chini ya meza, ikaingia humo na kukaa.

Lile boksi nililipata kwenye mnada wa mradi mmoja wa wageni uliofunga ofisi. Mimi nilifuata jenereta na mafeni, boksi likaja kama nyongeza. Ndani mlikuwa na vidude viwili vyeupe, kila kimoja ukubwa wa andazi, magurudumu mawili, na mbele vitundu kama macho. Nilijua ni magari ya kuchezea watoto.

"Hivi bei gani, mama?"

"Magari ya watoto hayo. Toa elfu kumi na tano uondoke nayo yote mawili."

Mtu mwingine angelipa upesi na kutoka. Yeye alicheka, akavuta kiti akaketi.

"Mama, haya si magari ya watoto. Hizi ni roboti. Unaziandikia amri kwenye simu, zinafuata. Zinauzwa ghali hizi. Usimtajie mtu elfu kumi na tano, watakuibia."

Nina miaka ishirini na mbili katika biashara, na sijawahi kumwona mnunuzi anayempandishia muuzaji bei. Nikamwambia, "Ahsante kwa kunielimisha, mwalimu. Basi ni laki na nusu."

"Umejuaje kwamba mimi ni mwalimu?"

"Una chaki kwenye mfuko wa koti. Halafu kubishana hujui."

Akacheka tena. Hela hiyo hakuwa nayo. Alikuwa anafundisha sayansi shule ya msingi moja upande wa Mpui, na mshahara wa mwezi ule ulikwisha kwenda kwenye mbolea. Nikatupa macho nje. Baiskeli ilikuwa ngumu, ya chuma cha zamani, keria imara ya kubebea gunia, matairi mapya.

"Ile baiskeli ni yako?"

"Yangu."

"Tubadilishane."

Nilishajiandaa kwa nusu saa ya mabishano. Mwanamume wa Ufipa haachii baiskeli hivi hivi. Ndiyo inayompeleka shamba, mashineni, kanisani na hospitali. Leonsi akasema, "Sawa." Neno moja tu. Liliniwasha kidogo, lakini nikalipuuza. Nikasema moyoni, huyu ni mjinga mwenye elimu, wapo wengi.

Hapa sina budi kueleza na upande wangu. Vile vidude nilikwisha kuviwasha zamani. Kimoja kilikwenda sawa. Cha pili gurudumu lake la kushoto lilikuwa limechoka, kikienda kinapinda kushoto kama mtu aliyetoka kilabuni. Alipotaka nimwoneshe, kizima nilikiacha kikatembea meza nzima. Kibovu nilikiwasha, kikaenda shubiri moja, nikakinyakua na kukirudisha kwenye boksi. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa kama anasikiliza kitu kwa mbali. "Sawa," akasema tena. Akaweka boksi kichwani, akaondoka kwa miguu kwenye mvua kwenda kutafuta gari la Mpui. Baiskeli niliiuza wiki ile ile.

Mwezi wa tano nilikwenda Mpui kununua maharage. Dereva aliposimama kuongeza maji kwenye rejeta, nikasikia sauti ya mtoto nyuma ya nyumba moja ya matofali.

"Mbele tatu! Kulia! Mbele mbili!"

Nilizunguka kwenda kuona. Palikuwa na shamba la ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia majani ndani yake yaoze, yamepangika kama vyungu vilivyofudikizwa. Mvulana mmoja, Timoth, alikuwa anatembea katikati ya matuta, macho yamefungwa kwa sweta ya shule. Msichana wa darasa la saba, mwembamba, jina lake Kalista, alikuwa anamsomea amri kutoka kwenye daftari. Wenzao wawili wanahesabu hatua. Mwalimu Leonsi ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Kushoto! Mbele!" Kalista akasema, kisha akanyamaza, anatafuta mstari wake.

Timoth akaenda mbele. Akapita matuta, akapita njia, akaingia kwenye maharage na kuendelea tu, magoti juu kama askari.

"Hujamwambia asimame wewe!"

"Timoth, acha basi!"

"'Acha basi' si amri," Timoth akajibu bila kugeuka. "Mimi ni roboti."

Mke wa mwalimu, Albina, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mwalimu! Roboti yako inanikanyagia maharage!"

"Haina kosa, mama. Imefanya ilichoambiwa. Muulize aliyeandika."

"Aliyeandika ni nani?"

Kalista akajificha nyuma ya daftari.

"Basi aliyeandika jioni aje na jembe, ayapandishie udongo."

Hivyo ndivyo alivyowafundisha. Wiki sita waliamrishana wenyewe kwa wenyewe shambani kabla hajawaruhusu kugusa kidude. Baadaye ndipo alipowatolea kishikwambi, kile walichogawiwa walimu baada ya sensa, wakaanza kupanga amri zao kwenye kioo na kuzituma kwa roboti iliyo chini, kwenye sakafu ya udongo ya ghala lake la ulezi. Kibovu changu walikwisha kukipa jina. Walikiita Mlevi. Hawakukitupa, Kalista alikiandikia amri za kukirekebisha, kila baada ya hatua mbili kulia kidogo, kikawa kinakwenda karibu sawa.

Siku ile waliponiona, watoto wote wanne waliacha walichokuwa wanafanya, wakachuchumaa, wakapiga makofi ya taratibu ya kuamkia, "Shikamoo mama," na hawakunyanyuka mpaka nilipoitikia. Ni desturi ya huku, lakini watoto wa siku hizi wengi wanaipitia juu juu. Hawa hapana. Kwa Leonsi hakuna aliyegusa kishikwambi kabla ya kuamkia, na mkubwa akipita katikati ya somo, somo linasimama.

"Mtu anayejua kuamrisha mashine na hajui kuamkia watu," aliniambia, "sitaki aseme alisoma kwangu."

Nikampa mkono. Mkono wake ulikuja pembeni ya wangu, ukashika hewa, ukarudi, ukanipata kwenye kifundo.

Albina ndiye aliyenieleza wakati tunapima maharage. Presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa, la kulia linaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na daktari alisema halitavuka mwaka. Shuleni walikuwa hawajui. Vitabu alivikariri, madaftari alikuwa anasomewa na mkewe.

"Na baiskeli?" nikauliza.

"Ile baiskeli! Alianguka nayo mtaroni mara mbili mwezi wa kwanza. Nilimkataza kuipanda; kwenda nayo mjini aliipakia kwenye gari. Hata hatukujua tungemwuzia nani."

Nitasema kweli, kitu cha kwanza nilichokisikia ni hasira, si huruma. Nilidhani nimempiga, kumbe kanipa kitu ambacho hakikuwa na faida tena kwake. Halafu nikamkumbuka alivyoinamisha kichwa dukani, na hasira ikapungua.

Kabla sijaondoka nilimwuliza mwenyewe anahangaika hivi kwa nini, badala ya kupumzika.

Alinijibu kama mtu anayetaja bei yake ya mwisho. Mwezi wa tisa kutakuwa na mashindano ya roboti ya shule za msingi, timu za watoto wanne wanne, hapo mjini. Timu mbili za kwanza, shule zao zitapewa chumba cha kompyuta na mwalimu wa kukiendesha miaka miwili. "Mimi mwakani sipo darasani, mama. Nikitoka na hivi vidude, watoto hawa wanarudi kukariri. Tukipata ile nafasi, nitawaacha mikononi mwa mtu. Basi. Na ningependa nikione kidude kikifika nyumbani, ile nyumba inayochorwa mwisho wa safari, mara moja tu, kwa jicho langu hili lililobaki."

Mashindano yalifanyika katika ukumbi wa chuo kimoja hapa mjini. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilikodisha spika na nyaya, sikualikwa. Chini palitandikwa turubai laini lililochorwa mashamba matatu na nyumba moja. Roboti ilitakiwa kupeleka vifuko vitatu, kimoja kila shamba, kisha irudi nyumbani kabla ya dakika nane kwisha. Asiyerudi nyumbani anahesabiwa nyuma ya waliorudi wote. Mwalimu anakaa nyuma ya mstari mwekundu. Akitoa neno moja, timu yake inatolewa. Waliyarudia masharti hayo mara mbili kwenye spika zangu.

Leonsi alifika amevaa koti la Jumapili, Kalista amemshika kiwiko. Nilipomtazama Kalista nikajua kuna jambo.

"Kimekanyagwa, mama," akaninong'oneza. "Kile kizima. Kwenye gari walishusha gunia la mahindi juu ya begi."

Kwa hiyo walibaki na Mlevi. Walibaki na kile nilichokinyakua mezani.

Zamu yao ilipofika, timu nne ziliingia kwa pamoja, kila moja na turubai lake. Kipenga kikalia. Mlevi alikwenda hatua mbili, akapinda kuliko walivyozoea. Kule kwenye udongo gurudumu lilikuwa na pa kushika, hapa linateleza. Timoth akamrudisha, Kalista akabadilisha namba, wakajaribu, akapinda tena, wakabadilisha tena. Hawakugombana. Walikuwa wananong'ona vile vile kama kule kwenye matuta, "punguza, ongeza, sasa jaribu." Dakika mbili na ushee zikaenda hapo. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na spika, nyuma ya kiti cha Leonsi, nazihesabu, na nilijua ni za nani.

Halafu Mlevi akanyooka. Shamba la kwanza, kifuko kikashuka. La pili, kikashuka. Watu wa pembeni wakaanza kuwapigia vigelegele, maana kidude kilikuwa kinayumba lakini kinafika, kama mlevi kweli anayejua mlango wake. Shamba la tatu. Ilibaki safari ya kurudi tu, na Kalista alikuwa amekwisha kuipanga. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo, dakika moja na nusu mkononi.

Mlango ukafunguliwa, mgeni rasmi akaingia.

Alikuwa amechelewa, na aliingia na watu wake akipita kati ya turubai, mikono nyuma, anatabasamu. Timu tatu hazikuinua hata macho. Watoto wa Mpui waliweka kishikwambi chini, wakachuchumaa wote wanne, wakapiga makofi ya taratibu.

"Shikamoo."

Mgeni rasmi akasimama. Alipendezwa. "Marahaba! Marahaba, wanangu! Mnaona adabu hii? Mnatoka wapi ninyi?"

Mkubwa ameuliza, lazima ajibiwe. Kalista akataja shule, kata na wilaya, huku amechuchumaa vile vile.

"Na mwalimu wenu nani?"

Akajibu na hilo.

Leonsi hakuwa anaona kitu pale. Ila yale makofi aliyasikia, na aliyajua kuliko mtu yeyote mle ndani. Akanyanyuka nusu kutoka kitini. Mdomo ukafunguka. Neno lilikuwa pale, 'endeleeni', neno moja tu, na neno hilo lingewatoa. Akaziba mdomo kwa kiganja, akaketi.

Mgeni rasmi alipopita, Kalista akaruka, akabonyeza. Mlevi akaanza kurudi. Akayumba, akajirekebisha, akayumba. Watu wanapiga kelele. Leonsi amenyoosha shingo, anageuza kichwa huku na huku kukitafuta kwa lile tundu dogo la jicho lake.

Kipenga.

"Mama Stumai," akaniita bila kugeuka. Sikujua kama alijua nipo. "Kimefika?"

Uongo ni kitu ninachokitumia kila siku ya kazi. Redio hii haijawahi kufunguliwa, pasi hii ni ya Ujerumani. Ningeweza kumpa mmoja, ukamfikisha walau mpaka mlangoni.

"Kimebaki kiganja kimoja," nikamwambia.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia.

Wakawa wa tatu. Kwenye hotuba, mgeni rasmi aliwasifia watoto wa Mpui kwa nidhamu, akaagiza waandikiwe cheti maalumu. Kalista alikipokea kwa mikono miwili, akakileta kwa mwalimu wake akilia.

"Mwalimu, tuliamkia. Tuliona tusipoamkia…"

"Najua. Nilisikia."

"Wenzetu hawakuamkia."

"Sikiliza. Mlifanya nilichowafundisha. Sikuwafundisha kwamba ipo siku mkubwa anaweza kusubiri. Kosa ni la aliyeandika."

Timoth, aliyekuwa amembeba Mlevi kifuani, akasema, "Basi jioni uende na jembe, mwalimu." Walicheka wote, hata Leonsi, na kicheko kikaisha mapema.

Mimi nimefanya hesabu yangu, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kuamkia kuliwala kama dakika moja. Kumnyoosha Mlevi kuliwala mbili na zaidi. Nani wa kulaumiwa zaidi, msomaji anaweza kujumlisha mwenyewe.

Mwezi wa kumi na mbili Leonsi aliandika barua ya kuacha kazi kwa ugonjwa. Nilisikia kwamba katika wiki zile za mwisho Kalista alikuwa anamtoa shuleni mpaka nyumbani bila kumshika; anatangulia pembeni tu, "mbele kumi, kushoto, mbele nne, jiwe, simama." Mwezi wa kwanza Kalista akaenda sekondari, hosteli, upande wa Mwazye. Siku hizi Leonsi anaongozwa na Albina, na Albina hahesabu hatua, anamvuta tu kwa mkono wa koti.

Mwezi wa pili, mwaka mzima tangu ile siku ya mvua, walikuja dukani wote wawili. Lile boksi lilikuwa kichwani kwa Albina.

"Mama Stumai, shuleni wamesema hawana mtu wa kuviendesha," akasema Leonsi. "Vinajaa vumbi kabatini. Nataka redio."

Nikafungua boksi. Kile kilichokanyagwa kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa kama kidonda. Mlevi alikuwa msafi kabisa, magurudumu yamefutwa.

Nikachukua redio niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya nyumbani kwangu, inayokamata stesheni zote hata mvua ikinyesha, nikaiwasha, nikazungusha mbele yake stesheni moja moja, nikaizima, nikaiwasha tena. Nikatia betri mpya. Sijawahi kumjaribishia mteja kitu muda mrefu hivyo.

"Kuna jambo lazima nikwambie kuhusu hicho kimoja," akasema. "Kinavuta kushoto. Usije ukamwuzia mtu bila kumwambia."

Albina aliangalia pembeni. Mimi nilikuwa nafunga kifuniko cha betri.

"Ulijua tangu lini, mwalimu?"

"Tangu siku ile. Mota moja ilikuwa inakoroma. Macho yalikuwa yanaondoka, masikio bado." Akakohoa kidogo. "Na mimi baiskeli sikukwambia kwa nini naiachia. Tulikuwa sawa, mama."

Hatukuwa sawa, na aliyekuwa anapoteza zaidi pale hakuwa na sababu ya kunifutia kitu. Nikamwekea redio mikononi, vidole vyake vikatafuta kitufe, vikakipata mara ya kwanza. Wakatoka. Nilisimama kibarazani nikawasikia mpaka kona ya mtaa: taarifa ya bei za mazao, na Albina akisema, "Huku, huku, angalia mtaro."

Kile kilichokanyagwa nilikitoa vipuri. Mlevi yupo rafu ya juu, karibu na pasi. Watu wanamwona, wanamuulizia, hasa wenye watoto. Nawaambia anavuta kushoto. Wanamrudisha rafuni, wananunua kitu kingine.